Sura Mlangoni: Ni Nani Ahukumuye Picha za Wasifu Mitandaoni?

Katika vitu vyote ambavyo mtu huviweka katika mitandao ya kijamii, hakuna kilicho kidogo kwa umbo na kikubwa kwa athari kama picha ya wasifu, ile ambayo vijana wa mijini huiita dipii, ikaayo kando ya jina la mwenyewe na kufuatana naye kila aendako: akiandika salamu ipo, akitoa rambirambi ipo, akibishana juu ya Simba na Yanga ipo, na hata akiwa amelala fofofo usiku wa manane, mtu asiyemjua wala asiyemtafuta, katika mji asiopata kuufikiria, huenda akakutana nayo. Picha nyingine za mtu hukaa ndani, na azionaye aghalabu ni yule aliyeingia kwa hiari yake kuzitazama. Bali hii ni kama mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe, ambao mwenye nyumba ameulipia nakshi kwa fedha zake na ni mali yake halali, lakini macho yanayoutazama ni ya wapita njia wote, waliobisha hodi na wasiobisha. Ndiyo maana ugomvi juu ya picha chafu na picha zinazovunja heshima huwa mkali zaidi ufikapo kwenye picha ya wasifu, na ndiyo maana kampuni zenye mitandao zimeitungia picha hiyo masharti mazito kuliko yale yanayotawala picha nyinginezo.

Mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter, ni mfano ulio bayana. Mwezi Mei 2024 uliandika waziwazi katika kanuni zake kwamba watu wazima wana ruhusa ya kuweka humo picha za uchi na za ngono zilizopigwa kwa ridhaa ya waliomo, maadam zimetiwa alama ya tahadhari. Kanuni ambayo wengi wetu, tuliolelewa kwamba haya ni sehemu ya imani, tungeiona imeruka mpaka. Lakini kanuni hiyo hiyo, iliyofungua lango kwa upana namna ile, ikakataza picha hizo zisiwekwe kwenye picha ya wasifu wala kwenye picha ya juu ya ukurasa, mahali ambapo hakuna alama ya tahadhari inayoweza kuliwahi jicho kabla halijaona. WhatsApp nayo, ambayo karibu kila nyumba yenye simu janja hapa kwetu inaijua, husafirisha ujumbe ukiwa umefumbwa kwa hesabu za siri, hata kampuni yenyewe isiweze kuusoma. Lakini picha ya wasifu na picha ya kundi hazimo ndani ya fumbo hilo, na kampuni imepata kueleza kwamba huzilinganisha kwa mashine na picha zinazojulikana za unyanyasaji wa watoto, na kwamba hufunga zaidi ya akaunti 300,000 kila mwezi kwa shuku ya uovu huo. Anayedhani kuwa yote ayatendayo humo ni faragha ya watu wawili na ajue kwamba maneno yake ndiyo yaliyositiriwa. Sura yake haikusitiriwa.

Kisa cha zamani kinachofaa kukumbukwa ni cha LiveJournal, mtandao wa Marekani ulioanzishwa na Brad Fitzpatrick mwaka 1999, ambamo watu waliandika shajara zao na kusomana. Kila mwanachama alikuwa na ruhusa ya kuweka vijipicha kadhaa, kila kimoja kisichozidi nukta 100 kwa upana na nukta 100 kwa urefu, kiasi ambacho mwenye macho hafifu angehitaji miwani ili amtambue aliyemo, na kimojawapo alikiteua kuwa picha yake kuu. Mwaka 2006 baadhi ya akina mama waliokuwa wameteua picha za kunyonyesha watoto wao waliamriwa na watunza kanuni waziondoe. Na lililowaudhi zaidi ya amri yenyewe ni kwamba picha ile ile haikukatazwa endapo ingekaa miongoni mwa picha za pembeni, ila ilikatazwa kuwa picha kuu. Titi lililokuwa halali chumbani likawa haramu mlangoni. Akina mama wakaghadhibika, wengine ambao hawakuwa na picha za namna hiyo wakaziweka makusudi ili kuonyesha umoja, na ugomvi ukaendelea kwa majuma.

Miaka miwili baadaye ngoma ikahamia Facebook. Tarehe 27 Desemba 2008 akina mama walikusanyika na watoto wao mbele ya ofisi za kampuni hiyo mjini Palo Alto, California, wakanyonyesha hadharani, huku maelfu ya wenzao waliokuwa mbali wakibadilisha picha zao za wasifu siku hiyo hiyo na kuweka za kunyonyesha. Kampuni ikajibu kwamba kunyonyesha si kosa, bali kosa ni titi lililo wazi hata chuchu yake au duara inayoizunguka ikaonekana. Mtu wa pwani, aliyezoea kumwona mama akimnyonyesha mwanawe barazani kwa sitara ya kanga, au ndani ya basi la kwenda Tanga bila abiria hata mmoja kugeuza shingo, hushangaa kwamba watu wazima wenye elimu walikaa kitako kupimana kwa chuchu. Na mshangao wake huzidi akumbukapo kwamba katika makanisa ya Ulaya wachoraji wa kale walimchora Bibi Mariamu akimnyonyesha mwanawe, na waumini wakapiga magoti mbele ya picha hizo kwa karne nyingi.

Hata hivyo hoja ya kampuni haikuwa ya kupuuzwa yote. Kutofautisha kinachoonwa na kila apitaye na kinachoonwa na aliyeingia ni jambo la insafu, na watu wastaarabu wamelitofautisha tangu zamani. Walipokosea ni katika kipimo. Kipimo chao hakikuwa haya, wala nia ya aliyeweka picha, wala madhara yatakayompata anayeitazama, kilikuwa chuchu. Na sababu ya kuichagua chuchu, kwa kadiri nionavyo, haina uhusiano mkubwa na maadili ya Wamarekani, ijapokuwa watu wengi hudhani hivyo: sababu ni kwamba chuchu ama inaonekana ama haionekani, na mtu yeyote, wa dini yoyote na wa nchi yoyote, aliyechoka au asiyechoka, anaweza kulijibu swali hilo kwa nukta chache za wakati bila kumjua mwenye picha. Haya haipimiki hivyo. Aliyetunga kanuni alikuwa akimtungia mtu mgeni, aliyeketi mbele ya kompyuta, mwenye picha mamia zinazomngoja, na akampa sheria ambayo mgeni wa namna hiyo angeweza kuitekeleza.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana mwezi Februari 2012, wakati kijana mmoja wa Morocco aliyekuwa akiifanyia Facebook kazi hiyo kwa mbali, kwa ujira wa takriban dola moja kwa saa, alipoitoa hadharani karatasi ya maelekezo waliyopewa wafanyakazi, nayo ikachapishwa na gazeti la mtandaoni la Gawker. Ndani yake picha ya mama anyonyeshaye chuchu ikionekana ilikuwa ya kufutwa, ilhali kichwa cha mtu kilichopondwa kiliachwa kipite, mradi vya ndani visionekane. Watu walicheka na kukasirika kwa pamoja. Lakini tazama maelekezo yale kwa jicho la mtu wa kazi utaona mantiki yake: kila mstari ni swali la ndiyo au la. Ni sheria ya mizani, wala si sheria ya kadhi.

Pengine msomaji atauliza kwa nini kampuni binafsi ndizo zilizokabidhiwa hukumu hii, na jawabu limo katika sheria moja ya Marekani ya mwaka 1996. Kabla yake mahakama za huko zilikuwa zimetoa hukumu mbili zilizopingana: mwaka 1991 kampuni ya CompuServe, ambayo haikukagua yaliyoandikwa na wateja wake, ilihesabiwa haina dhima, na mwaka 1995 kampuni ya Prodigy, iliyokuwa ikijitahidi kufuta matusi na maneno machafu, ikahesabiwa kuwa ni mchapishaji mwenye kuwajibika kwa kashfa iliyobaki. Anayefagia akaadhibiwa, asiyefagia akaachwa huru. Bunge la Marekani likaona kwamba hali hiyo itawafanya watu wote waache kufagia, likatunga kifungu cha 230, ambacho kinasema kwamba mwenye mtandao hahesabiwi kuwa msemaji wa maneno ya watu wengine, na tena hashtakiwi kwa kuondoa, kwa nia njema, kile akionacho ni kichafu au cha kuudhi. Kwa ibara hizo chache, picha ya mtu wa Kigoma au wa Lamu ikaja kuwekwa au kuondolewa kwa rai ya kampuni iliyoko California, inayolindwa na sheria ambayo mtu huyo hakupata kuisikia.

Mashine zilipoingia kusaidia kazi ya kukagua picha zilirithi tabia ile ile ya kupima kinachopimika. Mwaka 1996 wataalamu Margaret Fleck, David Forsyth na Chris Bregler walieleza namna kompyuta inavyoweza kumtafuta mtu aliye uchi ndani ya picha: kwanza itafute sehemu zenye rangi na ulaini wa ngozi, kisha iziunge ione kama zinaleta umbo la mikono na miguu. Leo akili mnemba imekwenda mbali kuliko hapo, lakini bado hukosea makosa ya kuchekesha. Mwaka 2017 polisi wa London walieleza kwamba programu yao ya kutafuta picha za uchi ilikuwa ikidanganyika na picha za majangwa, mchanga ikauona ngozi. Na mwaka 2020 duka moja la mbegu huko Newfoundland, Canada, lilikataliwa tangazo lake na Facebook kwa sababu mashine iliviona vitunguu vilivyorundikwa kikapuni kuwa ni viungo vya mwili vya kutia matamanio. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, nchini Brazil, picha zilizowekwa Instagram kuwafundisha wanawake dalili za saratani ya matiti ziliondolewa na mashine bila mtu hata mmoja kuziangalia, ingawa kanuni za kampuni wakati huo zilikuwa zimekwisha kuruhusu picha za unyonyeshaji na za tiba.

Mashine ya namna nyingine imefanya kazi njema isiyo na mzaha. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft, pamoja na Profesa Hany Farid, aliyekuwa Chuo cha Dartmouth, ilitengeneza PhotoDNA, ambayo huitoa picha rangi, huipunguza ikawa ya kipimo kimoja, huigawa katika vyumba vidogo, na kutokana na mwanga na giza la kila chumba hutoa safu ya tarakimu ambayo ni alama ya picha hiyo peke yake, hata ikikatwa pembe au kubadilishwa ukubwa. Alama hiyo hulinganishwa na orodha ya alama za picha za watoto walionyanyaswa, na hivyo picha iliyokwisha kujulikana hukamatwa popote ijitokezapo pasipo mtu kulazimika kuitazama tena. Kwa akili inayofanana na hiyo, tangu mwaka 2021 upo mradi wa StopNCII, ulioanzishwa Uingereza, ambao humwezesha mtu mzima anayeogopa kwamba picha zake za faragha zitasambazwa kutoa alama zake ndani ya simu yake mwenyewe, alama zikaenda kwa kampuni za mitandao na picha ikabaki kwake. Upungufu wa mashine hizi ni kwamba hutambua kilichokwisha kujulikana tu. Picha mpya, na hasa picha ambayo ubaya wake haumo ndani ya picha bali katika matumizi yake, haziijui.

Na hapo ndipo kwetu pwani penye mas'ala mazito. Katika arusi za Zanzibar, Mombasa na Lamu, upande wa wanawake, mara nyingi simu hukatazwa au hukusanywa mlangoni, kwa sababu ndani watu wamejifungua, wamejipamba na kucheza kwa raha zao, wakijua kwamba macho yaliyomo ni ya wanawake wenzao. Ikiwa mtu atapiga picha kwa siri, kisha akaifanya picha ya wasifu ya akaunti ya bandia, aliyepigwa amevunjiwa sitara yake, na nyumba yake imeingiwa na fedheha ambayo huenda isifutike kwa miaka. Mgeni mwenye orodha ya maswali ya ndiyo au la ataiona nini picha hiyo? Ataona mwanamke aliyevaa gauni zuri, nywele zake zimesukwa na kutiwa asumini, mikono yake ina hina, anatabasamu. Atauliza: chuchu inaonekana? La. Damu? La. Silaha? La. Ataipitisha, na kwa kanuni aliyopewa hatakuwa ametenda taksiri yoyote. Ni kweli kwamba mitandao mingi ina njia ya kulalamikia picha iliyowekwa bila ridhaa na akaunti inayojifanya mtu mwingine, lakini mlalamikaji hulazimika kuthibitisha kwa lugha na kwa fomu ambazo hazikutungwa na mtu aliyewahi kuhudhuria kisingo.

Kosa hilo hugeuka pia likaenda upande wa pili. Mwaka 2017 huko Afrika Kusini wenye mila walilalamika kwamba YouTube ilikuwa ikizitia katika hesabu ya picha zisizofaa zile za mabinti wa Kizulu na wa Kiswazi waliocheza ngoma za jadi vifua wazi, kama walivyocheza mama zao na bibi zao mbele ya wazee wao. Na baada ya malalamiko kampuni ikaubadili uamuzi wake. Kwa hiyo mwanamke wa Kizulu akazuiwa kwa jambo ambalo kwao si aibu, na mwanamke wa Lamu akakosa kulindwa katika jambo ambalo kwao ni aibu kubwa, kwa kanuni moja. Sidhani kwamba dawa ni kutunga kanuni ya pwani, na ya Wazulu, na ya kila kabila chini ya jua, kwani hata ndani ya mtaa mmoja wa Mombasa watu hawaafikiani juu ya buibui na suruali. Dawa, kama ipo, imo katika mtu anayetazama: anajua nini juu ya nchi picha ilikotoka, ana wasaa gani wa kufikiri, na ana kauli gani pale kanuni inapomtaka afanye la upumbavu.

Hadi hapa nimesema kampuni inaona, kampuni inafuta. Kampuni haina macho. Wenye macho ni watu, na baadhi yao wameketi karibu nasi. Kuanzia mwaka 2019 kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook kwa sehemu kubwa ya Afrika ilifanywa Nairobi na kampuni ya mkataba iitwayo Sama, iliyowakusanya vijana kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja kwa lugha yake: Kiswahili, Kisomali, Kiamhara, Kioromo, Kihausa, Kizulu na nyinginezo. Mwezi Februari 2022 gazeti la Time la Marekani lilifichua kwamba baadhi yao walilipwa kiasi cha dola moja na nusu kwa saa, na kwamba walitarajiwa kukata shauri la kila kipande kwa wastani wa sekunde 50. Kipande kimoja ni picha ya mtu asiyemkera yeyote, cha pili ni matusi, cha tatu ni mtu anayechinjwa, cha nne ni mtoto anayefanyiwa uovu ambao kalamu haipendi kuutaja. Na mtazamaji hana uhuru wa kufumba macho, kwa kuwa amelipwa ili ayafumbue, aone yeye sisi tusione.

Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuja Nairobi kwa kazi hiyo, alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao, akaachishwa kazi, na mwezi Mei 2022 akaishtaki Meta, yaani kampuni yenye Facebook, pamoja na Sama. Meta ilisema kwamba yenyewe si mwajiri na kwamba haiishi Kenya hata ishtakiwe huko. Mahakama ya kazi ikakataa hoja hiyo mwezi Februari 2023, na Mahakama ya Rufani ikaukubali msimamo huo mwezi Septemba 2024. Katikati ya hayo Sama ilitangaza kwamba inaiacha kazi ya kuchuja maudhui, na wafanyakazi wapatao 180 waliopoteza ajira wakaenda mahakamani mwezi Machi 2023. Tarehe 1 Mei mwaka huo wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Na mwezi Desemba 2024 ikajulikana, kutokana na hati zilizopelekwa mahakamani, kwamba Daktari Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliwapima zaidi ya wachujaji 140 akawakuta na maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko mkubwa, yale yanayowapata askari waliorudi vitani. Kampuni zinajitetea kwamba zilitoa washauri wa nafsi na mishahara iliyopita kiwango cha kawaida cha mji. Utetezi huo utapimwa na majaji. Lakini huko Marekani, wachujaji waliodai madhara ya namna hiyo hiyo walifikia sulhu na Facebook mwaka 2020, na kampuni ikakubali kutoa dola milioni 52. Chuchu ilipimwa kwa kipimo kimoja dunia nzima. Nafsi za waliokuwa wakiitazama hazikupimwa hivyo.

Juu ya wachujaji hawa liko baraza la rufaa, ambalo Facebook ililiunda na likaanza kazi mwaka 2020, na miongoni mwa wajumbe wake wa kwanza alikuwamo Maina Kiai, mwanaharakati wa haki za binadamu wa Kenya. Baraza hilo ndilo lililoamua mwezi Januari 2021 kwamba picha za Brazil zilifutwa kwa makosa, na likataka mtu aambiwe pale picha yake inapoondolewa na mashine. Lina watu wenye elimu na heshima, na maamuzi yao hujaa hoja nzuri. Ila ni baraza la mashauri machache mno likilinganishwa na mamilioni ya picha zinazofutwa. Umoja wa Ulaya umekwenda njia ya sheria: tangu Februari 2024 sheria yake ya huduma za kidijitali inafanya kazi kwa ukamilifu, nayo huilazimisha kampuni kumpa mtu sababu ya kuondolewa kwa maudhui yake na mahali pa kulalamika. Kwetu sheria zimeelemea upande wa kukataza. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018 na kuzitunga upya mwaka 2020, ambamo picha chafu zimekatazwa pamoja na mambo mengine mengi, mengine yakiwa mapana mno kwa rai yangu. Na Kenya, katika sheria yake ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018, imefanya kusambaza picha za faragha za mtu kuwa jinai. Sheria hizi humtisha mwenye kuweka picha. Hazimwambii mwenye mtandao awe na watu wangapi wa kuzitazama picha za Kiswahili, wala amjibu mlalamikaji kwa lugha gani.

Kuna picha moja ambayo kanuni zote nilizozitaja zisingeiona kuwa na dosari. Ni ya Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, mzee mwenye adabu zake. Mwezi Oktoba 2021, wakati nchi hiyo ikiwaka moto wa vita vya Tigray, sura yake na jina lake viliwekwa kwenye Facebook pamoja na tuhuma na maneno ya uchochezi, kwa kuwa alikuwa Mtigray. Mwanawe, Abrham Meareg, alilalamika kwa njia zilizowekwa na mtandao, akangoja. Tarehe 3 Novemba baba yake alifuatwa na watu wenye silaha akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Na kwa maelezo ya mwana huyo, jawabu la kampuni kwamba maandishi yale yalivunja kanuni lilimfikia baada ya mauti.

Abrham alifungua mashtaka dhidi ya Meta mjini Nairobi mwezi Desemba 2022 pamoja na wadai wengine, kwa kuwa wachujaji waliopaswa kuyaona malalamiko yale walikuwa wakifanya kazi katika mji huo, na mwezi Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba inayo mamlaka ya kulisikiliza shauri lake. Wanadai mfuko wa fidia kwa walioumizwa. Wanadai mtandao uzuiwe kuyapandisha juu maandishi ya uchochezi. Wanadai waajiriwe wachujaji wa kutosha, wajuao lugha za nchi wanazozihukumu. Na yeye, kwa ajili ya baba yake, anadai aombwe radhi.